Umeanguka na baiskeli: mwili kwanza, uma wa mbele pili, mzigo mwisho

Huku Kusini mwa Tanzania baiskeli inabeba mkaa, dumu za maji, tenga la samaki kutoka Mikindani, gunia la korosho kwenda ghala la chama cha msingi, na mara nyingine mtoto wa shule juu ya bomba. Mwenye nayo akianguka, jicho lake huenda kwenye baiskeli kwanza. Anabana gurudumu kwa magoti, ananyoosha usukani, anafuta damu ya goti kwa majani, anaondoka. Jioni goti ndilo linalohudumiwa kwa sababu ndilo linalovuja damu. Kumbe kesi kubwa huja baadaye kutoka kwenye kifundo cha mkono kisicho na hata mkwaruzo, tumbo lililogongwa na ncha ya usukani, au uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, uliorudi nyuma kidogo. Ndiyo maana hapa nafasi kubwa imepewa yale yasiyoonekana.

Pale pale barabarani

Barabara ya Masasi kwenda Mtwara ina malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini, na lori lililojaa halisimami kwa baiskeli iliyolala kwenye lami. Kama majeruhi ana fahamu, shingo haimuumi na anachezesha mikono na miguu yote, asogee pembeni mwenyewe. Kama hawezi, zuieni magari: mmoja aende mbele, mwingine nyuma, mita 50 hadi 100, waweke matawi barabarani kama wafanyavyo madereva gari likiharibika. Usiku tochi ya simu ielekezwe chini kwenye matawi, si machoni mwa dereva.

Kisha akae chini dakika tano, hata akisema yuko sawa. Mwili uliopata mshtuko huficha maumivu kwa muda, na mtu anaweza kutembea na mfupa uliovunjika bila kujua. Katika dakika hizo mkague kwa mpangilio huu: kichwa, shingo, pumzi, tumbo, mifupa, halafu ngozi. Damu inayomwagika kwa kasi ndiyo pekee inayoruka foleni. Ibane kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kwa nguvu, dakika kumi za saa bila kufunua kuchungulia. Ikilowa, ongeza kitambaa kingine juu yake, usitoe cha kwanza.

Maumivu katikati ya mfupa wa shingo au mgongo, ganzi mikononi au miguuni, au kupoteza fahamu, maana yake mtu huyo hanyanyuliwi kwa kushikwa kwapani na miguuni. Na hapandishwi bodaboda mshikaki, katikati ya dereva na jamaa anayemshikilia, ingawa ndivyo majeruhi wengi wanavyofikishwa hospitali. Tafuteni mlango, benchi au kitanda cha kamba na watu wasiopungua wanne. Mmoja kazi yake ni kichwa tu: anakishika kwa viganja viwili pembeni ya masikio, kikae mstari mmoja na kiwiliwili, na yeye ndiye anayehesabu "moja, mbili, tatu" wote wanyanyue pamoja. Kirikuu au pikapu inafaa kuliko bajaji kwa sababu mtu analala bila kukunjwa. Aliyezirai lakini anapumua, mgeuzeni kwa ubavu kichwa kikifuata mwili, matapishi yasije yakamziba koo.

Msimpe soda wala chai. Akihitaji upasuaji, tumbo lililojaa linaongeza hatari ya usingizi wa dawa.

Kichwa na tumbo: saa 48 za kuangaliwa

Aliyejigonga kichwa haendeshi tena siku hiyo, hata kama ni kilomita mbili kufika nyumbani. Mtikisiko wa ubongo hupunguza wepesi wa macho na mikono, na pigo la pili kabla la kwanza halijapona ni baya zaidi. Anahitaji mtu wa kukaa naye hadi kesho yake, na kuendelea kuangaliwa siku ya pili.

Mpeleke hospitali bila kusubiri asubuhi ukiona mojawapo ya haya: ametapika zaidi ya mara moja, kichwa kinazidi kuuma badala ya kutulia, anarudia swali lile lile, maneno yanamtoka ovyo, mkono au mguu umelegea, mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, amepata degedege, au maji maangavu yanamtoka puani au sikioni. Kulala si kosa. Wazee husema asiachwe alale, lakini anaruhusiwa. Mwamshe kila baada ya saa mbili au tatu usiku wa kwanza, mwulize jina lake na yuko wapi. Asiyeamka vizuri ndiye wa kukimbizwa.

Tumbo hudharauliwa kuliko kichwa. Mtu anapoanguka, usukani huzunguka na ncha yake ikamchoma chini ya mbavu. Kama mpira wa mshikio ulishachakaa ukatoka, bomba tupu hukandamiza sehemu ndogo sana ya tumbo kwa nguvu yote. Alama ya nje inaweza kuwa duara dogo jekundu, huku ndani wengu, ini au kongosho limepasuka. Watoto ndio wahanga wakubwa, kwa sababu ukuta wa tumbo lao ni mwembamba na wanaendesha baiskeli za watu wazima. Mtoto mwenye alama hiyo apelekwe akaonwe na daktari hata kama anacheza. Hasa wakimbizeni wenye tumbo linalozidi kuuma au kuwa gumu, maumivu yanayopanda hadi ncha ya bega la kushoto, kutapika, kizunguzungu akisimama, kupauka, au mkojo wenye damu. Damu ya wengu inaweza kuvuja taratibu siku nzima kabla mtu hajaanguka.

Kwa maumivu, parasetamoli inatosha: mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu huzikimbilia duka la dawa, ziache kabisa siku mbili za kwanza kama kichwa au tumbo limegongwa. Zinafanya damu ichelewe kuganda.

Mikono: mtulinga na kifundo

Anayeanguka hutanguliza kiganja au bega, kwa hiyo mfupa wa mtulinga na kifundo cha mkono ndivyo vinavyovunjika sana.

Mtulinga ni rahisi kuujua. Pitisha kidole taratibu kutoka kooni hadi begani. Palipovunjika pana uvimbe, panauma mahali pamoja, na majeruhi ameshikilia mkono wake kwa mkono mwingine huku bega likiwa limeshuka. Mwingi hupona bila upasuaji, kwa tanzi la mkono tu, na kanga moja inatosha. Ikunje pembe kwa pembe ipate pembetatu. Pitisha ncha moja kati ya mkono na kifua hadi bega la upande mzima, kona ya katikati ikae kwenye kiwiko. Ncha ya chini ipandishe juu ya mkono hadi bega la upande ulioumia, funga fundo pembeni ya shingo, si juu ya uti wa mgongo. Kona ya kiwiko ikunje mbele uibane kwa pini. Kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko. Kiganja kikining'inia chini, vidole vitavimba na maumivu ya bega yataongezeka, na hilo ndilo kosa linaloonekana kwenye tanzi nyingi za nyumbani.

Tanzi hukaa wiki mbili hadi tatu. Vidole, kifundo na kiwiko vichezeshwe tangu siku ya kwanza mara kadhaa kwa siku, vinginevyo kiwiko kitakakamaa na utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Usinyanyue kitu juu ya usawa wa bega kwa wiki sita. Wahi hospitali haraka kama ncha ya mfupa imeisukuma ngozi ikawa nyeupe, mkono una ganzi au baridi, au unapumua kwa shida.

Kifundo ndicho chenye hila. Kuna mfupa mdogo chini ya dole gumba ambao ukivunjika hauvimbi sana, mkono haupindi, na mtu hudhani ameteguka tu. Upime hivi: nyosha dole gumba lielekee juu, kama unayesimamisha gari. Pale chini yake, upande wa mgongo wa mkono, mishipa miwili itasimama na katikati yake kutakuwa na kishimo. Kibonyeze kwa ncha ya kidole, halafu bonyeza kishimo hicho hicho kwenye mkono mzima ulinganishe. Kama upande ulioumia unakushtua na mwingine haukushtui, mkono huo ni wa kuhesabiwa umevunjika mpaka daktari aseme vingine.

Hapa watu wengi wanapotea. Eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, mtu akaambiwa yuko salama, akarudi kazini. Utaratibu unaotakiwa ni kufungwa hogo au kizuizi kinachoshika na dole gumba, kisha picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Mfupa huo hupata damu kutoka upande mmoja. Ukivunjika katikati na ukaachwa unachezacheza, kipande cha pili hukosa damu kikafa, na kifundo huuma maisha yote. Kwa mbanguaji wa korosho au seremala hiyo ni hasara kuliko mguu uliovunjika.

Kukandwa. Mifupa iliyovunjika haikandwi, si kwa mafuta ya nazi wala maji moto, hata mkandaji awe na sifa kuanzia Tandahimba hadi Liwale. Kukanda husogeza ncha za mfupa na kuongeza damu ndani. Vijiti vilivyofungwa kwa kukazwa sana ni hatari zaidi. Mkono ukishafungwa, popote ulipofungwa, bonyeza ukucha uwe mweupe uuachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au vidole vikiwa vya baridi, vina ganzi, au vinauma mno ukivinyoosha, legeza kifungo sasa hivi ndipo uende hospitali. Kama ni hogo, wahi aliyelifunga alipasue siku hiyo hiyo, hata usiku.

Mbavu hazifungwi. Kujikaza kwa kitambaa kifuani huzuia mapafu kujaa na kukuletea nimonia. Vuta pumzi ndefu mara kumi kila saa ukiwa macho, na ukikohoa kumbatia mto. Huchukua kama wiki sita. Pumzi ikikata au ukikohoa damu, rudi hospitali.

Kuhusu wapi pa kwenda: zahanati nyingi hazina eksirei, kwa hiyo kwa mfupa au kichwa usipoteze nusu siku pale isipokuwa unahitaji kuzuia damu. Mtwara mjini kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Lindi mjini ni Sokoine. Wa njia ya Masasi wana Ndanda na Mkomaindo. Wa upande wa Mtama wana Nyangao. Piga simu kwa mtu aliye karibu akuulizie kama mashine ya eksirei inafanya kazi siku hiyo.

Michubuko, na vitu visivyotiwa kwenye kidonda

Mchubuko wa lami au moramu hupona wenyewe ukisafishwa vizuri mara ya kwanza, na usiposafishwa vizuri hakuna dawa itakayofidia. Tumia maji ya kunywa yanayotiririka, lita mbili au tatu, kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa sindano ili maji yatoke kwa msukumo. Sabuni ya kawaida iishie pembeni mwa kidonda. Mchanga uliobaki utoe kwa shashi iliyolowa ukisugua upande mmoja. Inauma, ndiyo, meza parasetamoli nusu saa kabla. Vumbi jekundu la Newala likiachwa chini ya ngozi mpya hubaki kama chale.

Kausha pembeni, paka Vaselini kutoka kwenye kopo jipya, weka shashi, funga bandeji. Badilisha kila siku, na kwa jasho la pwani hata mara mbili. Kidonda kinyevunyevu kilichofunikwa hupona haraka kuliko kilichoachwa wazi "kipate hewa", na huku nzi hawachelewi. Shashi ikigandia usiivute, iloweshe maji kwanza.

Usitie spiriti, mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno, wala unga wa vidonge vya rangi mbili. Huo unga ndio sugu zaidi: hugeuka gamba, usaha unabaki chini yake, na vijidudu vinajifunza kuizoea dawa. Wakati wa msimu, weka kidonda mbali na ganda bichi la korosho, maana mafuta yake huchoma hata ngozi nzima.

Jeraha lililoachama, la kina, au lililo juu ya kiungo lishonwe mapema, ndani ya saa sita hivi ikiwezekana. Kama ni goti na kinachotoka ni maji ya njano yanayoteleza kama mafuta, kiungo chenyewe kinaweza kuwa kimefunguka: hospitali, si zahanati. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne angalia wekundu unaotambaa, joto, usaha, homa.

Pepopunda: kwa kidonda chenye udongo au samadi, kama chanjo yako ya mwisho imepita miaka mitano, au huikumbuki kabisa, choma nyingine. Wanawake huipata kliniki wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawajachomwa tangu utotoni, na wao ndio wanaoshinda barabarani na baiskeli.

Mtoto aliyeingiza mguu kwenye spoku akiwa amekaa keria anahitaji jicho la pekee. Siku ya kwanza utaona mkwaruzo kisiginoni au karibu na fundo la mguu. Lakini nyama ilisagwa kati ya spoku na fremu, na ngozi inaweza kuwa nyeusi na kufa siku ya pili au ya tatu. Funga, mwinue mguu juu ya mto, asikanyage, na umrudishe kuonwa baada ya saa 48 hata kama hajalalamika. Dawa ya kinga ni ya bure: kata dumu kuukuu la lita 20 vipande viwili bapa, vifunge kwa waya kwenye vyuma vya keria pande zote mbili, vifunike spoku kuanzia ekseli hadi juu.

Kama umegongwa

Piga picha namba ya gari au pikipiki kabla magari hayajasogezwa, chukua namba za simu za mashahidi wawili, piga 112. Polisi watatoa fomu ya PF3, ambayo hospitali wataiulizia. Matibabu ya dharura hayasubiri fomu, kwa hiyo ndugu aende kituoni wakati wewe unatibiwa. Kila chombo cha moto barabarani kinatakiwa kisheria kuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na wewe mwendesha baiskeli ndiye huyo mtu wa tatu. Namba ya usajili inatosha kuhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Tunza risiti za hospitali, dawa na za fundi. Kukubali elfu ishirini pembeni ya barabara kabla kishimo cha dole gumba hakijabonyezwa ni biashara mbaya.

Baiskeli nayo ikaguliwe

Fanya hivi mchana, baiskeli ikiwa imegeuzwa juu chini, na uanze na uma wa mbele, ambao mafundi wengi huuita foku. Ukikatika ukiwa kwenye mwendo hakuna cha kushika.

Itazame baiskeli kutoka ubavuni. Weka fito iliyonyooka sambamba na shingo ya fremu: sehemu ya juu ya uma inatakiwa ifuate mstari huo huo, ndipo miguu yake ijikunje kwenda mbele. Ikianza kurudi nyuma ya mstari, imepinda. Dalili nyingine ni tairi kusogelea bomba la chini, au ncha ya kiatu kugusa gurudumu unapokata kona wakati zamani haikugusa. Kisha papasa kwa kidole chini ya bomba la juu na la chini, sentimita chache nyuma ya shingo. Rangi iliyokunjamana au iliyopasuka kama nywele ni alama kwamba bomba lenyewe limekunjika.

Uma wa chuma uliorudi nyuma kidogo, fundi anaweza kuunyoosha mara moja. Mara ya pili ni wa kutupa. Wenye ufa, hasa karibu na taji pale miguu miwili inapokutana, hauchomelewi. Moto wa kuchomelea hulegeza chuma pembeni ya kiungo na utakatikia hapo hapo. Fremu ya chuma inachomeleka. Uma hapana. Na kitu chochote cha aluminiamu kilichopinda, uwe usukani au uma, usikinyooshe: badilisha.

Unyofu wa fremu pima kwa kamba ya nailoni. Ifunge pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kulia, ipeleke mbele izunguke shingo ya fremu, irudi hadi upande wa kushoto, ikaze. Pima kwa rula kutoka kamba hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita 1 au 2 si neno. Ikizidi 3, baiskeli itakuwa inavuta upande mmoja na mzigo utazidisha.

Usukani uliozunguka usiupige kwa magoti bila kulegeza. Fungua boliti ya juu ya shina mizunguko miwili, weka kibao juu yake, gonga mara moja kwa nyundo ili kabari ya ndani iachie. Panga usukani uwe mraba na gurudumu, kaza. Ukishakaza, bana gurudumu kwa magoti, jaribu kuzungusha: usiende. Halafu shika breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma. Mlio wa "tok tok" shingoni maana yake gololi zimelegea au kikombe kimepasuka.

Gurudumu lililopiga nane: lizungushe ukiweka kidole kwenye raba ya breki. Baiskeli kubwa za inchi 28 kwa kawaida zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Zibane mbili mbili kwa vidole uone zilizolegea. Mahali ringi inapovutia kulia, legeza spoku za kulia robo mzunguko, kaza za kushoto robo mzunguko, zungusha tena. Robo, si nusu. Kukandamiza gurudumu kwa mguu chini ya mwembe kutakufikisha nyumbani tu, kwa sababu spoku zilizonyooka zimeshapoteza mkazo na zitaanza kukatika moja moja chini ya mzigo.

Mwisho raba za breki zikae milimita 2 hadi 3 kutoka kwenye ringi, fito zake zisiwe zimepinda, pedali izunguke bila kuyumba (kumbuka ya kushoto hufunguka kinyume), na ncha zote mbili za usukani ziwe na mipira. Helmeti iliyopigwa, hata ya mtumba iliyogharimu pesa, imemaliza kazi yake. Povu la ndani limeshabonyea na halirudi.

Kurudi barabarani

Kalenda inasaidia, lakini mwili ndio unaoamua. Kwa mtulinga ulioungana vizuri, barabara laini bila mzigo huwa karibu wiki ya 6 hadi ya 8, na mzigo karibu wiki ya 12, baada ya daktari kuridhika. Kwa kichwa: siku moja au mbili za utulivu, kisha matembezi na kazi ndogo, na baiskeli isubiri mpaka uwe umemaliza siku nzima ya shughuli zako bila kichwa kuuma wala kizunguzungu. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili, watoto huchelewa hadi wiki nne.

Kabla ya kupanda, jipime ukiwa umesimama. Bana breki zote mbili kwa nguvu zako zote mara kumi. Egemea ukuta kwa viganja, jisukume mara kumi. Geuza shingo uone nyuma kulia na kushoto bila kuzungusha kiwiliwili. Simama kwa mguu mmoja sekunde 20, kila mguu. Ukishindwa moja, hujawa tayari, na tramado, dawa kali ya maumivu, isitumike kuficha jibu: inalewesha.

Siku ya kwanza chagua uwanja wa mpira au mtaa usio na magari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dakika 15, keria tupu. Fanya mazoezi ya kile kilichokuangusha. Kama ni breki, simama kutoka mwendo mdogo mara kumi ukitanguliza ya nyuma na kuongeza ya mbele taratibu. Kama ni mchanga uliotambaa kwenye lami, pita mahali penye mchanga kidogo ukiwa umenyoosha usukani, umerudisha uzito nyuma, unaendelea kukanyaga. Breki ya mbele na kona ndani ya mchanga ndizo zinazoangusha. Kama ulitoka kwenye lami kumkwepa gari ukaanguka ukirudi, jifunze kusimama, kushuka na kuinyanyua baiskeli. Ukingo wa lami uliochongoka hupandwa kwa kuukabili, ukiupanda kwa mshazari tairi linateleza pembeni. Hofu ya magari hupungua kwa kurudi polepole, na mtu asikucheke ukisukuma baiskeli sehemu moja ya njia kwa wiki kadhaa.

Baada ya siku tatu nne bila maumivu kuongezeka, refusha hadi dakika 30, halafu saa moja. Mzigo uanze na dumu moja la lita 20, yaani kilo 20, katikati ya keria na usawa wa ekseli. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli hunyanyua gurudumu la mbele, usukani ukawa mwepesi, na ndivyo wabeba mkaa wengi wanavyoangukia kwenye kilima kidogo tu. Ongeza dumu la pili wiki inayofuata. Maumivu yakibaki hadi kesho yake asubuhi, rudi hatua moja nyuma kwa siku tatu.

Masika yakikukuta, kumbuka ringi za kromu zikilowa raba hazishiki. Gusa breki kidogo kidogo mapema ringi ifutike maji, na uhesabu umbali wa kusimama mara kadhaa ya wa kiangazi. Mteremko wa kutoka Newala kuelekea Masasi uache mwisho kabisa, na mara ya kwanza uushuke ukiwa chini, baiskeli ubavuni, mzigo ukienda na gari.